Hina Haiongezi Damu

"Hina haiongezi damu." Mmecheka mliposikia, mkadhani ni maneno ya kuwasuta maharusi. Hayakuanza kwa kicheko, wajukuu zangu. Asili yake ni hii.

Zamzam alikuwa na binti mmoja, Riziki, wa miaka mitatu. Homa ilimshika, ikamwachia, ikamrudia, mpaka viganja vyake vikawa vyeupe. Zamzam alitaka kumpeleka hospitali. Lakini nyumba ilikuwa na harusi ya wifi yake, na mama mkwe, Bi Mgeni, aliogopa macho ya watu kuliko ugonjwa.

"Watasema tunamnyima mtoto chakula," alisema. "Mpake hina kama watoto wenzake. Harusi ikiisha, mtakwenda."

Zamzam akampaka, mkwe hajibiwi. Viganja vikawa vyekundu, wageni wakavisifia, na mtoto akazidi kulegea.

Siku ya harusi yenyewe, ngoma zimepamba moto, Riziki alianza kuhema mbiombio, hata maji hataki. Safari hii Bi Mgeni mwenyewe alishika njia pamoja nao. Hospitali walikuta msururu wa watoto wenye homa. Daktari alikikunjua kiganja, akakitupia jicho.

"Damu ipo," akasema. "Ni homa. Kaeni pale msubiri."

Zamzam alimtazama mkwewe. Bi Mgeni ameinamisha uso. Zamzam akapima: akisema, amemvua nguo mama wa mumewe mbele ya watu, akinyamaza, anamzika mwanawe.

"Daktari, hiyo ni hina. Tulimpaka sisi, asionekane mweupe."

Daktari akauvuta chini ukope wa mtoto. Ndani kulikuwa kweupe kama nyama ya nazi. Alimbeba mwenyewe, akamkimbiza kuongezwa damu.

Damu ya Zamzam ilipimwa, ikaonekana inafaa. Ikawa inamwingia mtoto tone baada ya tone, na mama anakitazama kifua kile kidogo kila kinapotua, asijue kama kitapanda tena. Alishinda katika hofu hiyo. Magharibi Riziki akafumbua macho, akalia njaa.

Waliporudi nyumbani, jirani aliwapokea, akaushika mkono wa mtoto.

"Mashallah, hina imekolea. Nani fundi?"

Aliyejibu ni Bi Mgeni, machozi yakimlengalenga.

"Mimi ndiye niliyeamuru apakwe. Usiisifu, mwanangu. Hina haiongezi damu."