Dhiraa Moja ya Kijicho

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwalimu wenu hakukosea kusema hivyo, na wewe Raya acha kununa. Sauda amekushinda kuchora, amekushinda. Mchoro wake nimeuona mimi mwenyewe kwa macho yangu haya mabovu. Ila swali lako ni zuri: huyo mnyonge ni nani, na alikosa nini hata anyongwe? Haya, sogeeni, na huyo anayetafuna muwa atafune taratibu nisije nikapoteza maneno. Kama nilivyoipata kwa bibi yangu, methali hii ilitoka kwa wanawake wawili na kisima kimoja.

Zamani, na nikisema zamani sisemi za babu yenu, nasema kabla pwani hii haijajengwa msikiti hata mmoja, palikuwa na mji ukiitwa Mtapani. Mtawala wake alikuwa mwanamke, Mwana Kanze, na wala hakuna aliyeona ajabu. Kazi ya kuchimba visima nayo ilikuwa ya wanawake, tena wa nyumba moja tu. Bibi yake Mbodze alichimba, mama yake Mbodze alichimba, na Mbodze mwenyewe alishika mtaimbo tangu yuko kigori. Akipita njiani watu walimsalimu kwanza, kwa sababu maji ya mji mzima yalitoka mikononi mwao.

Basi akaja Nyevu. Alitoka bara, njaa imewamaliza jamaa zake, akaingia mjini na nguo moja mwilini. Huko Mtapani mtu asiye na ukoo aliitwa mnyonge. Halikuwa tusi, ilikuwa hali yake tu. Mnyonge alipewa chakula na pa kulala, lakini akishtakiwa barazani hakuwa na wa kumsemea, maana desturi yao ilikuwa mtu asemewe na jamaa zake, basi. Mbodze akamwonea huruma, akamchukua amsaidie kuvuta udongo kisimani. Wema huo aliufanya Mbodze, na tusimnyime.

Mvua zikakata. Masika ya kwanza yakapita makavu, ya pili vilevile, na visima vyote vitatu vya nyumba ya Mbodze vikabaki tope. Mbodze akachimba mahali pane, akapata mawe. Ndipo Nyevu akamwomba kwa adabu, akamwambia, dada, niruhusu na mimi nijaribu kama tulivyokuwa tukifanya kwetu. Akaazima vyungu vikavu kwa majirani, akaenda navyo jioni akivifudikiza chini, kimoja huku, kimoja kule. Alfajiri akavifunua na kupapasa ndani. Watu walicheka sana, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mbodze. Chungu cha saba kilikuwa kimetoka jasho. Tena kilikuwa karibu kabisa na bahari, mahali ambapo hata mtoto angekwambia hapachimbwi.

Wakachimba siku sita. Maji yalipofika kwenye muundi wa mguu Nyevu akayaonja, akawaambia wachimbaji, Mbodze akiwamo, watoke, yeye abaki kuumalizia ukuta.

"Inatosha," alisema. "Maji haya matamu yamelala juu ya maji ya bahari. Tukizidisha dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole tu, tutaiamsha bahari."

Mji ukanywa. Wazee wakaoga, jamani, na walikuwa wamesahau kuoga. Wasichana wakatunga wimbo wa kuteka maji, na ndani yake wakalitia jina la Nyevu. Kisima kikaitwa Kisima cha Nyevu. Mwana Kanze akamwita akae kwenye mkeka wake, upande wa kulia, pale pale alipokuwa akikaa mama yake Mbodze.

Sasa niwaambie kuhusu Mbodze. Kijicho kilimwingia na hakikutoka. Aliposikia wimbo ule aliziba masikio, kisha akayazibua ili asikie kama wamemtaja na yeye. Hawakumtaja. Njiani watu walimsalimu bado, lakini Nyevu akiwa naye waliamkia upande wa Nyevu kwanza. Maji ya kisima kile aliyanywa, maana angefanyaje, na kila kata aliyokunywa ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Usiku alijigeuza kitandani akijiuliza yule mvuta udongo wake amempita wapi. Msimcheke. Kijiba cha roho hakuna asiyekijua, tofauti ni kwamba wengine tunakifunika vizuri.

Kisima kile kilikuwa na kasoro moja: kilijaa polepole. Wanawake walipanga mitungi yao tangu asubuhi, na wa mwisho akiteka jua limeshapinduka. Wakaanza kunung'unika. Mbodze akasikia, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Akasema moyoni, huyu mgeni wa juzi anajua nini habari za dhiraa? Nitakiongeza kina, maji yajae, na siku ya soko nitawaambia nani amewajazia. Hapo kitaitwa kisima changu.

Akangoja mchana, wakati jua la utosi limewaingiza watu wote ndani, na Nyevu yuko mbali akifudikiza vyungu vyake kutafuta mahali pa pili. Akashuka na mtaimbo. Akachimba dhiraa moja, kipimo kilekile alichokatazwa, maana kijicho kina ukaidi wake. Maji yakabubujika hadi kiunoni. Akayaonja, akayakuta matamu, akapanda juu na kwenda zake akiimba.

Lakini bahari haina haraka. Siku ya tatu mbuzi walipelekwa kunywa, wakanusa, wakageuka. Jioni watoto wakaanza kutapika. Mtu mmoja akaonja akatema, akasema ni chumvi tupu. Kufika asubuhi, mji mzima ulikuwa na neno moja: yule mnyonge ametuharibia maji. Wengine wakasema ametumwa na maadui, wengine wakasema ni vile vyungu vyake, walijua tangu mwanzo si bure. Hao hao walioimba wimbo.

Na sheria ya Mtapani ilikuwa fupi. Anayeharibu maji ya mji hunyongwa, tena kwa kamba ya kisima kilekile.

Wakamfunga Nyevu mikono, wakamvika kamba ile shingoni, wakamsimamisha mbele ya baraza kando ya kisima. Mwana Kanze akauliza kama desturi, nani anamsemea mtu huyu? Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Mshtakiwa aliruhusiwa ombi moja tu, na Nyevu akaomba mtu ashuke kisimani akaangalie kina chake. Mwana Kanze akakubali. Sasa nani ashuke? Fundi wa visima wa mji alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa akijificha nyuma ya watu.

Mbodze akashuka kwa kamba nyingine. Kule chini akaona alichokijia, shimo lake la dhiraa moja, na alama za mtaimbo wake ukutani, wazi kabisa. Tope lilikuwa tele. Ilikuwa ni kulisukuma kwa mguu tu, afukie, apande, aseme mgeni alichimba vibaya. Kesho yake nani angekaa kwenye mkeka wa Mwana Kanze? Yeye. Akainua mguu, akaanza kusukuma.

Alipoegemea ukuta ili apate nguvu, mkono wake ukagusa udongo wa mfinyanzi. Siku ile alipochimba alikuwa na haraka, hakutazama. Leo akatazama. Upande wote wa baharini Nyevu alikuwa ameukandika udongo huo, kutoka chini hadi juu ya kichwa cha mtu, umeshindiliwa kwa vidole, bila ufa hata wa kupitisha unywele. Bahari ilikuwa imezuiwa kwa mikono ya mwanamke mmoja. Bibi yake Mbodze hakuwahi kufanya kazi kama ile, wala mama yake. Watu wa juu walikuwa wameyanywa maji tu. Uzuri wa kazi yenyewe hakuna aliyeweza kuujua ila fundi, na fundi alikuwa yeye. Wivu ulimuuma pale kuliko siku zote. Akalia. Kisha akasema, nikiiita kazi hii mbovu, basi mama yangu hakunifundisha kitu. Akautoa mguu kwenye tope, akavuta kamba apandishwe.

"Umeona nini?" Mwana Kanze akamuuliza.

Mbodze alikamua nguo yake kwanza.

"Mwana, mimi huyu simpendi," alisema. "Mji unajua, na asiyejua leo ajue. Tangu akae kwenye mkeka wako sijalala vizuri. Mnyonge mnyongeni, kamba ni yenu na sheria ni yenu. Lakini haki yake mpeni. Kisima hiki ni bora kuliko vyote vilivyochimbwa na nyumba yetu, na alipokiacha yeye kilikuwa kitamu."

"Basi nani amekiharibu?"

"Dhiraa ya chini ni yangu."

Baraza likavuma. Kamba ikatolewa shingoni mwa Nyevu, na waliokuwa wameishika wakamgeukia Mbodze nayo. Mwana Kanze akauliza kama desturi, nani anamsemea mtu huyu? Wazee wa ukoo wa Mbodze, ukoo mkubwa ule, wakainamisha vichwa kwa aibu. Akauliza mara ya pili.

"Mimi," akasema Nyevu, akijisugua shingo. "Desturi yenu ni kwamba mtu husemewa na jamaa yake. Huyu amenisemea mbele yenu nyote, kwa hiyo mimi si mnyonge tena, ni ndugu yake. Mnyonge leo ni yeye. Maji ameyaharibu, sikatai. Lakini na yeye haki yake mpeni. Kule chini alikuwa peke yake na tope la kutosha. Angefukia, na mimi ningekuwa maiti saa hizi."

 Mwana Kanze akaamuru kamba irudishwe kwenye kazi yake. Wakamteremsha Mbodze nayo, na vikapu vya udongo, azibe shimo alilolichimba, na Nyevu juu akimwelekeza namna ya kushindilia. Wakayateka maji ya chumvi na kuyamwaga siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mbuzi wakanywa.

Mnangoja niwaambie walipendana? Wapi! Mbodze alimwonea Nyevu kijicho mpaka mvi zikamjaa kichwani. Wimbo ule ukianza aliingia ndani na kufunga mlango. Watoto wa Nyevu wakinenepa aliuliza wanakula nini. Lakini wasafiri walipofika Mtapani na kunywa, wakamuuliza yeye, mkuu wa mafundi, nani alichimba maji matamu namna hii ukingoni mwa bahari, alikuwa akisonya, akitazama pembeni, kisha akijibu: Nyevu. Hakuwahi kujibu jina jingine. Kijicho alikufa nacho. Haki ya mwenziwe hakuenda nayo kaburini.

Tangu hapo watu wa Mtapani, mtu akimchukia mwenziwe mpaka ulimi unataka kumsingizia, walimkumbusha maneno ya Mbodze, nao wakayafikisha kwetu: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.