Nadhiri Tatu za Bi Mashavu

Haya, hadithi imefika, lakini imefika imechoka, kwa hiyo ipisheni ikae. Na nyinyi mnaopenda kudakia kabla mtu hajamaliza, leo nawaomba mnyamaze mpaka niwaulize. Nitawauliza, msiwe na wasiwasi. Hapo ndipo nitakapojua nani ana akili na nani ana mdomo tu.

Walikuwapo wanawake watatu wasiojuana. Wa kwanza aliitwa Nekesa, msichana wa Bungoma, Kenya, aliyekuwa akisomea uhandisi huko Malaysia. Kipaji chake kilikuwa macho. Kwao sindano ikianguka kwenye mkeka hakuna aliyejisumbua kuitafuta; aliitwa Nekesa, akaitazama mara moja, akaiokota.

Wa pili aliitwa Rokiah, Mmalay, fundi cherehani wa Padang Besar, mji ulio mpakani kabisa mwa Malaysia na Thailand. Alikuwa mjane, na Mungu hakumjaalia mtoto. Kipaji chake kilikuwa mikono, mikono isiyo na papara, inayofumua fundo wakati wengine wanatafuta mkasi.

Wa tatu aliitwa Malee, Mthai, mchuuzi wa wali na kuku wa kukaanga ndani ya treni. Huyu alikuwa na miguu. Si ya kukimbia, la. Ya kusimama. Malee akishasimama mahali, hang'oki mpaka atake mwenyewe.

Sasa mwenye shida. Huyu alikuwa Bi Mashavu wa Muheza, Tanga, mpishi mstaafu wa shule ya bweni. Binti yake Saumu aliolewa na mwalimu Khatibu, na wote wawili walipata kazi ya kusomesha kusini mwa Thailand, kwenye mji wa Hat Yai. Mimba ya kwanza ya Saumu ilifika miezi minane, mtoto akazaliwa, akaishi nusu siku, akafa. Walimzika hana jina. Mimba ya pili ilipofika miezi tisa daktari alisema safari hii ni upasuaji, na akapanga siku. Saumu akampigia mama yake simu akamwambia kwamba hataingia chumba cha upasuaji kabla hajamwona. Akaongeza kwamba wameshaona kwenye picha kuwa ni mtoto wa kike, na jina ni la bibi yake kulitoa. Yeye na mumewe hawatatamka jina lolote kabla yake.

Bi Mashavu hakuwa na haja ya kufikiri. Jina alikuwa nalo moyoni miaka ishirini, jina la marehemu mama yake, Mwanamvua. Akafunga safari.

Ndege mbili, kisha basi lililotoka Kuala Lumpur alfajiri, kwa sababu tiketi za treni ya moja kwa moja zilikuwa zimekwisha. Siku ya tatu mchana, akiwa hajanyoosha mgongo tangu Dar es Salaam, basi lilimshusha kwenye stesheni ya Butterworth, akapande treni ya kwenda mpakani. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikumwingia, akavaa ndala. Upasuaji ulikuwa kesho yake alfajiri.

Pale stesheni njia zilikuwa mbili. Treni moja ilikuwa ya Padang Besar, mpakani. Nyingine ilikuwa ya Padang Rengas, kusini, upande mwingine kabisa. Mchovu hasomi mpaka mwisho. Bi Mashavu aliona neno Padang, akaingia, akakaa, akashukuru Mungu kwa kiti.

Nekesa alikuwa ndani ya behewa hilohilo, anakwenda mji wa Taiping kwenye usaili wa mafunzo ya kazi aliyoyaomba mwaka mzima. Kwanza macho yake yaliona kanga, akajua huyu ni mtu wa kwetu. Kisha yakaona tiketi mkononi mwa bibi, iliyoshikwa juu chini, akaisoma hivyohivyo.

"Shikamoo mama," alisema. "Hii treni si yako."

Kengele ya mlango ilikuwa inalia. Nekesa alibeba sanduku kubwa, akamshika bibi mkono, wakaruka chini, na treni ikaondoka na usaili wa Nekesa. Wakapanda ngazi, wakashuka ngazi, mpaka kwenye treni ya Padang Besar. Akamkalisha dirishani, akamwambia asishuke popote mpaka treni imalize njia. Bi Mashavu alipomuuliza jina lake na anakokwenda, na akasikia alichokikosa, machozi yalimtoka.

"Mwanangu, sina cha kukulipa," alisema. "Lakini mjukuu ninayemfuata ni wa kike, na jina ni langu kulitoa. Nimekupa wewe. Ataitwa Nekesa."

Nekesa alimwambia hilo ni kubwa mno, ampe mtoto jina la kwao. Bibi akamjibu kwamba ameshasema. Basi wakaandikiana namba za simu, na msichana akacheka kwa kuona haya, akasema atakuja kumwona somo wake wa jina. Treni ilipoanza kwenda ndipo Bi Mashavu alipomkumbuka Mwanamvua. Alilia vituo vitatu. Kisha usingizi ukamchukua, naye hakuwa na nguvu ya kuukataa.

Stesheni ya Padang Besar ina maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Unagongewa muhuri wa kutoka Malaysia, unasogea hatua chache, unakutana na dirisha la Thailand. Muhuri wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye dirisha la pili afisa aliitazama pasi, akaitazama viza, akaomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hakuwa mkali. Alikuwa na sheria tu, kwamba mtu anayetoka nchi zetu sharti aionyeshe.

Kadi alikuwa nayo. Swali ni wapi. Bi Mashavu aliipekua pochi mara nne, asiione. Malaysia ameshatoka, Thailand hajaingia. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani, ikamwambia ni saa kumi na mbili kasoro jioni, na treni ya mwisho ya Hat Yai huondoka saa kumi na moja. Alikaa chini sakafuni pale pale, akajiambia kwamba mwanawe ataingia kwa daktari peke yake, au atakataa kuingia, na hili la pili lilimtisha zaidi.

Rokiah alikuwa nyuma yake kwenye foleni, na gauni la bibi harusi begani. Alikuwa analipeleka kwenye harusi ya mpwa wake ng'ambo, gari la abiria likimngoja nje ya lango. Hakujua Kiswahili, na Bi Mashavu hakujua Kimalay, lakini walisalimiana kwa salamu ya dini na hiyo ilitosha. Kwanza Rokiah alimwonyesha saa yake ya mkononi, akairudisha nyuma saa nzima mbele ya macho yake, kwa sababu upande wa Thailand saa ziko nyuma. Kisha akalitundika gauni kwenye msumari, akapiga magoti, akafungua sanduku.

Akatoa kitu kimoja kimoja akakipanga sakafuni bila kukunja hata ncha. Kanga doti sita. Pilipili manga. Hiliki. Chupa ya mafuta ya nazi. Foleni ilinung'unika, yeye hakugeuka. Mwisho alikuta mkaja, kile kitambaa kirefu cha kumfunga tumbo mwanamke aliyejifungua. Mikono ya Rokiah ikatulia. Kwao pia wanafunga hivyo, kwa hiyo hapo alijua huyu bibi anafuata nini. Akaukunjua mkaja taratibu mpaka mwisho, na ndani kabisa, mahali mama wa Kitanga anapoficha kitu asichotaka kipotee, ilikuwamo kadi ya njano.

Nje, gari la abiria lilikwishaondoka. Mpwa aliolewa amevaa gauni la kuazima.

Bi Mashavu hakuwa na lugha ya kushukuru. Alitoa picha ya mjukuu ya hospitali, Saumu aliyomtumia, akaweka kidole juu yake, akauliza jina kwa ishara, na mwenzake alipojibu Rokiah, akakirudisha kidole kwenye picha. "Rokiah," alisema, akaiambia picha. Yule mjane alielewa. Aliziba uso kwa mikono yake miwili. Je, Bi Mashavu alikuwa amemsahau Nekesa? Hakumsahau. Alijiambia mtoto anaweza kuwa na majina mawili, akapita. Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa mtu aliyechoka hauna hata mwenyewe.

Muhuri ukagongwa. Treni ya mwisho ilikuwa imesimama kwenye reli, na mtu wa bendera amekwishainua bendera. Bi Mashavu alikwenda mbio kwa ndala, sanduku halijafungika vizuri, kanga inaburuta. Mbele yake, mlangoni mwa behewa la mwisho, alimwona mwanamke mwenye vikapu viwili. Akasema na Mola wake, si na mtu, kwamba mwanamke huyu akimshikia treni hii, mjukuu ataitwa jina lake, lolote litakalokuwa.

Malee hakusikia kitu. Alikuwa ameona bibi mzee anakimbilia treni, basi. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa na mwingine akauacha chini, vikapu vikiziba mlango. Mtu wa bendera akamwambia apande. Hakupanda. Akamwambia ashuke. Hakushuka. Mkuu wa treni akaja mwenyewe, akapaza sauti, akamtishia, na Malee akamtazama tu. Bibi alipofika, Malee alimvuta juu kwanza, kisha sanduku, kisha vikapu, kisha na yeye mwenyewe. Siku ile ile alipigwa marufuku kuuza ndani ya treni kwa mwezi mzima, na hiyo ndiyo riziki yake.

Njiani Bi Mashavu alijigusa kifua akataja jina lake. Mwenzake akajigusa akasema Malee, akampa paja la kuku. Bibi akala, akamlalia begani mpaka Hat Yai.

Saumu alimwona mama yake jioni ile. Alfajiri akaingia kwa daktari anatembea kwa miguu yake, na saa mbili asubuhi akapatikana mtoto wa kike, mzima, analia vizuri. Bi Mashavu alimpokea, Khatibu akamwadhinia sikioni, watu wakafurahi. Kisha akaenda akakaa peke yake akahesabu vidole. Nadhiri tatu, mtoto mmoja.

Siku ya tatu siri ilimshinda, akawaambia Saumu na mumewe. Khatibu, mwalimu wa hesabu, akasema neno la kwanza ndilo neno, na Nekesa aliahidiwa kwa lugha anayoijua. Angekosa macho yale bibi angelala Padang Rengas. Saumu akasema Nekesa ana umri wa kuzaa watoto kumi na kuwapa majina yote ya Bungoma, ila Rokiah, kwa alivyoziba uso, hana mwingine, na kumpa mtu tumaini kisha kumpokonya ni dhambi yenye jina lake. Wakamwita mwalimu wa madrasa wa mtaani, Mthai Mwislamu, Khatibu akatafsiri. Yeye akasema nadhiri kwa Mungu ni nzito, na mwenye nayo ni Malee, ingawa hajui. Wakauliza kama jina lile linafaa. Akasema maana yake ni ua, halina ubaya wowote. Kisha akasema na ahadi kwa mja nayo huulizwa siku ya mwisho, akaomba chai.

Na msiniambie apewe majina matatu. Nawaona. Saumu alishalikataa hilo. Alisema kwenye karatasi yanaweza kukaa hata kumi, lakini mtoto akianguka anaitwa kwa moja, na hilo moja ndilo jina. Akamwambia mama yake, "Wa kwanza tulimzika hana. Huyu usinicheleweshee."

Siku ya saba wote walikuja, Khatibu amewatafuta mmoja mmoja. Nekesa alisafiri usiku, amemletea somo wake bangili ndogo ya shanga. Rokiah alikaa karibu na mlango na mfuko mapajani. Ndani mlikuwa na gauni la mtoto mchanga, na kifuani amelitarizi jina, kwa uzi mwekundu, herufi sita. Hakulitoa. Malee alialikwa kwa shukrani tu. Hakujua kwamba ana neno lolote hapa, na alikuwa jikoni anawapakulia watu wali.

Mtoto alinyolewa nywele. Bibi yake akampakata. Mwalimu wa madrasa akasogea, akainama, akauliza huyu anaitwa nani.

Bi Mashavu alimtazama Nekesa, akamtazama Rokiah, akasikia mwiko wa Malee ukigonga sufuria. Alikuwa amechoka kuliko siku ile ya mpakani, na hapa hapakuwa na mtu wa kumbebea sanduku. Akafungua mdomo. Saumu alikuwa amemshika goti.

Mimi namwacha hapo, maana mwalimu ameshauliza mara ya pili. Sasa semeni, na aseme mmoja mmoja. Mtoto yuko mapajani mwako. Wewe ungemwitaje?