Pikipiki ya Chilumba Yapelekwa Mahakamani

Bisha mpaka mishipa ya shingo ikutoke, lakini Chilumba wa bodaboda alimshinda trafiki mahakamani bila wakili.

Afande Masalu alimshitaki kwa kukimbiza pikipiki kasi ya tisini penye kibao cha hamsini. Akitiwa hatiani, leseni inafungiwa, na hana kazi nyingine.

"Unakubali kosa?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, kwa pikipiki ile mbovu? Aipande afande mwenyewe hapo barabarani. Ikifika hamsini tu, nifungieni leseni."

Afande akacheka. "Lete funguo, bwana mdogo, nikuumbue."

Mahakama nzima ikatoka nje. Afande akapanda, akazungusha mkono wa mafuta hadi mwisho. Pikipiki ikakohoa, ikajikongoja kama mbuzi mwenye mimba, na kuku wa mama lishe akaipita. Hakimu akajifuta machozi ya kicheko, kisha akaifuta na kesi.

Jioni kijiweni wenzake wakambeba juu juu. "Kumbe ulionewa, kaka!"

"Nionewe wapi?" Chilumba akasema, huku akichokonoa bomba la moshi kwa kijiti. "Siku ile nilikuwa naitafuta mia."

Gunzi la hindi likachomoka, likaanguka miguuni pao.