Ngoma Iliyonuna

Bwana Shahame, tajiri wa Pangani, aliipenda ngoma ya Tunu. Asubuhi ya harusi yake akatuma watu waichukue, ipigwe kisha ibaki kwake. Tunu hakubisha. Aliifuta ngozi kwa kitambaa, akawakabidhi.

Mbele ya wageni ngoma ikatoa "pwa", kama papai lililodondoka. Tunu akaitwa mbio.

"Imenuna," alisema, akiipapasa.

"Ngoma hununa?"

"Wewe ungebebwa bila hodi usingenuna? Ngoja niiweke jikoni ibembelezwe. Nawe iombe radhi."

Shahame akapiga magoti mlangoni mwa jiko. "Ngoma, nisamehe."

"Bado. Taja kosa lako."

"Nilikunyang'anya kwa mwenyewe!"

"Inasikiliza, bwana. Iahidi kitu."

"Nitakurudisha kwenu leo leo!" alipaza sauti, na wageni wote wakasikia.

Tunu akaipiga. Ikanguruma hadi kuku wakaruka ukuta.

Jioni, ngoma ikiwa begani mwa Tunu, dada yake akamuuliza, "Hivi ilinuna kweli?"

"Kitambaa kilikuwa kimeloa maji, ngozi ikalegea. Jikoni niliiegesha karibu na moto wa pilau."

"Na ile radhi?"

"Ngozi haikauki upesi, dada. Nilimtafutia kazi ya kufanya."