Chupa ya Mwisho ya Mkirua

Sogeeni, ila anayetaka kuchekeshwa aende kwingine. Hadithi hii naisimulia kwa hasira.

Huko milimani Upareni walikuwapo watu watatu. Bibi Namkunda alijua mizizi. Daktari Kiangi alijua kuitoa dawa mzizini na kuiacha sumu. Mbonea, fundi mawe, hakujua lolote katika hayo, ila alikuwa na moyo.

Ukazuka ugonjwa wa vidonda. Usaha uliingia kwenye damu, na sindano za zahanati hazikufua dafu.

Namkunda akaleta mzizi wa mkirua. Kila mti aliuchimba mzizi mmoja tu, akafukia shimo, akafunga kitambaa chekundu shinani, kama ilivyo desturi ya wachimba dawa: huu umeshatoa, uacheni upumzike.

Kiangi akauchemsha, akauchuja, akaujaribu kwa panya. Wakafa. Akarudia tena na tena mpaka panya wenye usaha wakapona.

Lakini panya si mtu, na wagonjwa waligoma kuinywa dawa. Mbonea, mguu umemvimba kwa kidonda, akasema, "Nipe mimi, Daktari. Nikifa, mwambie mama sikulazimishwa." Akanywa, akapata nafuu, na wengine wakakubali.

Habari zikaenea. Watu wakapanda mlimani na majembe, kila mmoja atie akiba kwake. Mkirua hawakuujua, basi wakafuata vitambaa vyekundu. Alama ya kuulinda mti ndiyo iliyowaonyesha pa kung'oa. Walipokwisha kuijua sura yake, waling'oa yote, hata michanga, na mizizi ikawaozea majumbani kwa sababu hawakujua kuitengeneza.

Sasa imebaki chupa moja ya kumponya mtu mmoja. Ukiigawa, haimponyi yeyote. Mjukuu wa Namkunda anaumwa. Mke wa Kiangi anaumwa. Na kidonda cha Mbonea kimefumuka upya.

"Bila mimi mngeupita mkirua mkidhani ni kichaka," alisema Namkunda.

"Bila mimi, Bibi, mzizi ule ungeua," alijibu Kiangi.

Mbonea alikuwa amejilaza kwa maumivu. "Mimi niliinywa wakati hakuna aliyejua kama inaua," alisema.

Msiinamishe vichwa. Najua wenye majembe mmo humu, na ninyi ndio wa kwanza kujibu. Chupa iko mezani. Wewe ungempa nani? Na ukishamtaja, utawatazama vipi usoni wale wawili wengine?