Mvuvi Aliyekalia Kata

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa maji mengi, na juu ya maji mtumbwi mmoja, na ndani ya mtumbwi mtu mmoja asiyetaka kusikia.

Basi sogeeni. Wewe uliyechuchumaa, kaa chini. Nyoosha miguu. Hadithi hii haisikilizwi na mtu aliyejikunja, na baadaye mtaona kwa nini.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kando ya ziwa, chini ya milima. Wanawake wa kijiji hicho walifinyanga vyungu. Wanaume walivua samaki. Kila mwanamke alikuwa na kata yake. Kata mnaijua: lile duara la majani makavu ya mgomba, mama analiweka kichwani, halafu juu yake anaweka chungu. Hata nyumbani, chungu kilikaa juu ya kata kisiyumbe. Ilikuwa mali ya wanawake, na mwanamume aliyeigusa wenzake walimcheka mpaka mavuno.

Wanaume nao walikuwa na desturi yao. Mvuvi alipiga magoti ndani ya mtumbwi, juu ya mti mtupu. Hakunyoosha miguu, hakula, hakunywa, mpaka arudi. Aliyelalamika mgongo aliambiwa akae nyumbani asuke mikeka. Matokeo yake wanaume wote wa kijiji walitembea wameinama, utadhani wanatafuta sindano. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa, palikuwa na kijana anaitwa Gwamaka. Mabega yake, jamani, mapana kama mlango. Gwamaka alimpenda Sekela, binti wa mjane mmoja mfinyanzi, na Sekela alimpenda Gwamaka. Gwamaka akaenda kwa mama wa Sekela kuposa.

Mama Sekela hakuacha kufinyanga. Alisema, "Mahari tutaongea baadaye, mwanangu. Kwanza nenda Jiwe la Mbali, kwenye shimo la kambale weusi. Nenda peke yako, utoke alfajiri, urudi jioni. Niletee kambale mmoja, hai, ndani ya chungu. Ushuke mtumbwini kwa miguu yako. Upande kilima mpaka hapa jikoni. Halafu ucheze ngoma na binti yangu, wimbo mmoja mzima."

"Basi, mama?"

"Basi. Lakini mahindi yakikauka shambani kabla hujanifanyia hayo, Sekela ataolewa kule milimani, kwa mwenye ng'ombe. Yeye ameshatuma watu."

Gwamaka akacheka. Samaki mmoja, kilima kimoja, wimbo mmoja. Kazi ya mtoto.

Alfajiri Sekela akamfuata ufukweni. Mkononi ana kata kubwa, ameisuka mwenyewe. "Chukua, ukalie," akamwambia. "Chungu hakina mifupa, nasi tunakiwekea kata. Wewe mwenye mifupa unakaa juu ya mti mtupu?"

"Nikalie kata? Kilasi na wavuvi wenzake wakiniona nitahama kijiji."

Akaiacha palepale mchangani. Akapiga magoti, akashika kafi, akaimba. Itikieni nami:

*Kafi, nipeleke,*
*Kafi, nirudishe,*
*Mama Sekela ananingoja.*

Akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta Mnandi, yule ndege mweusi mzamiaji, yuko juu ya mwamba ametandaza mbawa.

"Gwamaka, mbona umejikunja hivyo? Panda hapa mwambani ujinyooshe."

"Mimi sina mbawa, Bwana Mnandi."

"Una miguu."

"Mvuvi hapumziki," akasema Gwamaka. Akapita.

Akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta Fisi-maji anaelea chali, anatafuna kidagaa.

"Gwamaka, kunywa maji kidogo, ule kidogo. Usingoje njaa ikukamate."

"Mvuvi hali," akasema Gwamaka. Akapita.

Akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta Kiboko, pua tu ndiyo iko nje.

"Gwamaka, jua limepanda. Mimi na ngozi yote hii najificha majini. Lowesha nguo yako ujifunike."

"Jua halimchomi mwanamume."

"Haya," akasema Kiboko. "Sijui kama jua limeambiwa." Akazama.

Gwamaka akafika Jiwe la Mbali. Akatupa mshipi, akangoja, akampata kambale mweusi, mnene, na masharubu yake. Akamtia ndani ya chungu chenye maji. Akageuza mtumbwi akarudi na wimbo wake, lakini sasa sauti ilitoka vipande vipande. Kiuno kinawaka. Magoti yanawaka. Baada ya hapo magoti hayakuwaka tena, naye akafurahi, akidhani ameyazoea.

Jioni kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Gwamaka akakumbatia chungu, asimame. Miguu ilikuwepo, aliiona kwa macho yake, lakini alipoiita haikuitika. Imekufa ganzi. Akainuka nusu, akaenda upande, pwaa, majini yeye na chungu chake.

Kambale akatoa kichwa nje. "Asante kwa matembezi, shemeji," akasema, na huyo akaenda zake.

Watu walicheka. Mama Sekela hakucheka. Alimtazama tu, akapanda kilima.

Mahindi shambani yakaanza kubadilika rangi.

Safari ya pili Gwamaka aliichukua kata. Lakini aliifanyaje? Aliificha chini ya wavu. Ufukwe ulipopotea machoni, akaitoa, akaikalia, na moyoni akakiri kwamba ni nzuri. Alipomwona Mnandi, akaangalia pembeni. Alipomwona Fisi-maji, akaangalia pembeni. Alipomwona Kiboko, akajifanya anaimba. Akavua kambale wake, akageuza, na alipokaribia nyumbani akairudisha kata chini ya wavu.

Jioni akasimama na chungu mikononi, miguu ikaitika. Akashuka. Sekela akapiga vigelegele. Gwamaka akaanza kupanda kilima.

Nyuma yake akasikia sauti ya Kilasi, mvuvi mwenzake mwenye mdomo usiolala. "Bwana Gwamaka, hebu ngoja. Hayo yaliyokuganda matakoni ni majani ya mgomba? Leo umekalia nini?"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Gwamaka akaongeza mwendo, kwa aibu. Lakini tangu alfajiri hakuwa ameonja maji, na jua lilikuwa limemkausha mgongo siku nzima. Katikati ya kilima macho yakaingia giza. Akakaa chini, si kwa kupenda. Chungu kikamtoka, kikaviringika kilima chote mpaka ziwani.

"Asante tena, shemeji," akasema kambale. "Ila safari hii umenitikisa."

Siku zilizofuata Gwamaka alikuwa haendi mahali ila anaulizwa, "Kata hujambo?" Akairudisha kata kwa Sekela, akajifungia ndani. Mahindi yakawa ya njano, ndevu za mahindi zikanyauka. Wajumbe wa yule mwenye ng'ombe wakaonekana wakishuka kutoka milimani.

Sekela akaja mlangoni kwake. Alikuwa na hasira, na machozi yalikuwa karibu. "Anayechekwa ni wewe," akasema. "Atakayepelekwa milimani ni mimi. Chagua unachokiogopa zaidi."

Gwamaka alikaa na maneno hayo mpaka majogoo, akatoka.

Mchana kweupe, sikilizeni, mbele ya Kilasi na wavuvi wote wanaotengeneza nyavu, alisema: "Sekela, naomba ile kata." Akaiweka mtumbwini akaipigapiga, kama mama anavyotengeneza kitanda. Akapakia kibuyu cha maji na ndizi za kuchoma. Wakacheka. Akawaaga, na kesho yake alfajiri akasukuma mtumbwi.

*Kafi, nipeleke,*
*Kafi, nirudishe,*
*Mama Sekela ananingoja.*

Kwa Mnandi akapanda mwambani. Akanyoosha mikono, akanyoosha miguu, akakunja kiuno huku na huku, Mnandi akimwonyesha. Kwa Fisi-maji akanywa funda chache, akala ndizi moja, akamrushia mwenyeji wake kipande. Kwa Kiboko akalowesha shuka, akajifunika kichwa na mgongo.

"Kumbe jua lilikuambia wewe mwenyewe," akasema Kiboko.

"Liliniambia kilimani," akajibu Gwamaka.

Njiani, kabla goti halijauma, alibadilisha kukaa: mara amekunja huu, mara amenyoosha ule. Na hapo likatokea jambo ambalo hakulitegemea. Akaliona ziwa. Miaka yote ya uvuvi alikuwa anaona magoti yake tu, na ufukwe uko mbali kiasi gani. Leo aliona maji yakiwa na rangi ya kijani penye kina kifupi, na wingu la wadudu likipanda mbali kama moshi wa jikoni. Alifurahi, akaimba wimbo kwa sauti nzima kwenda na kurudi.

Wakati wa kurudi kambale alikuwa ndani ya chungu. "Leo umekaa vizuri, shemeji," akasema. "Naona leo mimi ndiye niliyefika mwisho."

Jioni Kilasi alikuwa mbele ya watu wote. "Haya, bwana. Leo umetuletea nini?"

"Nimeleta kambale," akasema Gwamaka. "Nimeleta kata. Na miguu yangu nimekuja nayo."

Akasimama. Akashuka. Akachukua kata akaiweka kichwani, akapandisha chungu juu yake, akaanza kupanda kilima mikono ikining'inia, kama mama zetu wanavyopanda kila siku. Watu walimfuata huku wanacheka. Ila kilima ni kilima. Wavuvi wenye migongo yao walianza kuhema, kicheko kikaisha nusu ya njia. Aliyefika juu akiwa na pumzi ni Gwamaka.

Ngoma ikalia. Akacheza na Sekela wimbo mmoja mzima. Ukaisha, akaomba mwingine.

Wajumbe wa milimani walikuwa wamekaa barazani. Mama Sekela akawapikia kambale, wakala, akawaaga kwa heshima. Kisha akamwita Gwamaka.

"Baba yake Sekela alikuwa mvuvi hodari kukushinda," akasema. "Kila jioni aliniletea samaki. Yeye mwenyewe hakurudi. Kilichorudi ni mgongo unaouma na hasira. Anakula kimya, analala. Huyu binti hajawahi kumwona baba yake akicheza. Sikuwa na shida na kambale, mwanangu. Kambale nanunua gulioni. Nilitaka mtu ambaye samaki akishashuka mtumbwini, na yeye anashuka."

Sekela aliyasikia hayo akalia, akamshika mama yake mkono. Mahindi yalivunwa siku ya harusi yao.

Na Kilasi je? Kesho yake asubuhi mkewe alitafuta kata, hakuiona. Aliiona jioni, mtumbwini, imebonyea katikati. Alimsukia nyingine kubwa zaidi. Tangu hapo, katika kijiji kile, bibi harusi humpa bwana harusi kata, na wanaume wa huko wanatembea wima.

Hadithi yangu nimeivuta ufukweni, kafi nimelilaza. Funzo lake ni hili: mwili unaokutafutia riziki ndio unaorudi nao nyumbani, basi utunze ungali njiani, wala usione haya.

Sasa mmoja wenu anipe mkono. Nimekaa juu ya jiwe hili tangu paukwa, na miguu naiita, haiitiki.