Mpini Wenye Chale Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, kama watu walioitwa kulima. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ya kweli, kabla babu ya babu yangu hajaota jino, mimi nilikuwepo. Atakayeuliza nilikuwepo vipi, na anyamaze au asimulie yeye. Niliyaona yote kwa macho haya mawili, nimekaa juu ya paa la ghala la Mwinyi Dadi, natafuna karanga zake.

Palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na Jumbe, na Jumbe alikuwa na gereza. Lilikuwa gereza la kujivunia. Wafungwa hawakukaa bure, walifundishwa kuchonga mipini ya majembe. Asubuhi kwachu, kwachu, kwachu. Alasiri kwachu, kwachu, kwachu. Mipini ikauzwa kijijini, ikaitwa mipini ya Jumbe, ingawa Jumbe mwenyewe hajapata kuchonga hata kijiti cha kuchokolea meno.

Humo alikuwamo mtu mmoja aitwaye Chande. Aliiba mbuzi, akamla, akakamatwa akiwa bado analamba vidole. Akafungwa misimu miwili ya mvua. Mbuzi alikwisha, mikono ikabaki, na mikono ile ikajua kuchonga kuliko ya wote. Kila mpini aliomaliza aliutia chale tatu ndogo karibu na chuma, basi tu, ili kitu fulani duniani kijue kwamba yeye yupo.

Siku ya kutoka, Jumbe akamchomeka unyoya wa kanga kichwani, ishara ya kuhitimu. Akahutubia kwamba mfungwa wa jana ndiye fundi wa leo, kijiji kimpokee. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikavimba. Halafu sheria ikasomwa. Aliyetoka ana mwezi mmoja wa kupata kazi, tena kwa mtu mwenye ghala. Mwezi mwingine ukiandama na hana kazi, anarudi gerezani akajifunze zaidi.

Chande hakuogopa. Aliijua desturi ya kwao, na hata nyinyi mnaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Akapokelewa kwa Mwinyi Dadi, mwenye ghala kubwa kuliko yote. Siku ya kwanza, wali na kuku. Siku ya pili, wali na samaki. Chande akalala akiliota jembe. Siku ya tatu, jogoo hajamaliza kuwika, Mwinyi Dadi alikuwa mlangoni, ameshika ule unyoya wa kanga.

"Mwanangu, jirani analalamika," akasema. "Anasema mgeni namfaidi peke yangu."

Akapelekwa kwa jirani. Kuku. Samaki. Twende. Kwa jirani wa jirani. Kuku. Samaki. Twende. Kila nyumba ilimpenda kwa siku mbili kamili. Chande akanenepa. Shavu likajaa, kitambi kikachungulia. Lakini kila alipomaliza kunawa mikono aliutazama mwezi, na mwezi haukuwa na adabu ya mwenyeji. Ulijaa. Ukamegeka. Ukabaki ukucha.

Aliomba kupalilia, akaambiwa mgeni hapalilii. Aliomba kuchota maji, akaambiwa ataitia nyumba aibu. Ndipo alipoelewa kwamba mtu anaweza kurudishwa gerezani kwa kushibishwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Kidawa, huko ambako njia yenyewe huchoka. Bi Kidawa alikuwa na meno manne na shamba moja la muhogo. Ghala hana. Kuku hana. Lakini hata leo, watu wa kule wakikwama husema: laiti angekuwepo Bi Kidawa.

Chande alifika jua likichomoza, kichwa chini. Bibi hakumpa kiti. Alimpa jembe.

"Bibi, mimi mgeni. Siku yangu ya tatu bado."

"Siku yako ya tatu ilipita zamani, mjukuu wangu. Wameizungusha tu. Shika. Muhogo haujui ulikula mbuzi wa nani."

Chande akashika. Kidole gumba kikateleza kuelekea kwenye chuma, kikakwama. Akatazama. Chale tatu. Akaketi palepale katikati ya matuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikakoma na machozi yakaendelea.

Bi Kidawa akamuuliza kulikoni. Akaelezwa. Akautazama mpini, akamtazama yeye.

"Kumbe tumeshikana mikono mwaka mzima," akasema.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuombea majembe. Mvua ikikaribia, kila mtu hupeleka jembe lake barazani likasomewe dua kabla halijagusa udongo. Na ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya Chande, maana jua likizama mwezi ungeandama. Mbinguni kulishaanza: nguruuu, nguruuu.

Jumbe akauliza nani atampa Chande kazi. Mmoja akasema angempa, ila mkewe anaota ndoto mbaya. Wa pili akasema anampenda mno, ndiyo sababu hataki kumchosha. Mwinyi Dadi akaweka mkono kifuani.

"Moyo wangu u wazi, Jumbe. Ghala tu ndilo lililofungwa."

Jumbe akasikitika kwa mdomo. Macho yalikuwa yanaiona mipini ya mwaka ujao. Akatoa neno: mkono usioaminika usiguse jembe la mtu kijijini humu. Chande arudi akajifunze zaidi.

Bi Kidawa akainuka. Goti likalia, ka.

"Neno la Jumbe litimizwe lote," akasema. "Tazameni mipini yenu, hapo karibu na chuma."

Wakatazama. Chale tatu. Kwa jirani, chale tatu. Mwinyi Dadi ana majembe tisa, yote tisa chale tatu. Jembe la Jumbe lilivishwa shanga. Wakazisogeza shanga. Chale tatu.

"Mkono wenyewe ndio huo. Mmelala nao nyumba moja, mmelishia watoto. Ng'oeni."

Na kule neno la Jumbe likishatemwa haliokotwi. Wakang'oa. Kok! Kok! Kok! Mipini ikarundikana kama kuni. Watu wakabaki na vyuma mikononi, kama wageni wanaosubiri kupakuliwa.

Nguruuu. Tone la kwanza likamwangukia Jumbe puani.

Bi Kidawa hakung'oa. Alisema yeye hana neno na mkono ule. Akashika njia ya shambani, na Chande nyuma yake, na askari wa Jumbe hakuwazuia, kwa sababu Jumbe alikuwa bado anafuta pua. Baraza zima likawafuata kutazama, nao wawili wakalima wakipokezana jembe moja. Chwa, chwa, chwa.

Jumbe alivumilia tone la pili. Akavumilia la tatu. La nne, akalimeza neno lake mbele ya watu, likashuka kwa taabu kama muhogo mkavu. Wa kwanza kuvuka matuta alikuwa Mwinyi Dadi, vyuma tisa kwapani, uso ameuinamisha kwa haya.

"Mwanangu, njoo nyumbani. Kuna wali na kuku."

Chande akalima mpaka mwisho wa tuta, ndipo akainua kichwa.

"Kuku nimeshiba, Mwinyi. Nianzie siku ya tatu."

Akaanzia hapo. Aliyatia mipini majembe ya kijiji kizima, kwachu, kwachu, kwachu, ameketi kivulini mwa ghala la Mwinyi Dadi, na mlango wa ghala wazi. Ule unyoya wa kanga akaufanya wa kuchokolea masikio. Gerezani hakurudi, na mipini ya Jumbe haikuwahi kuwa mizuri tena.

Basi wenzangu, ukimfundisha mtu kuchonga mpini, usitetemeke siku akiushika.

Sasa nikiri, maana mwongo hushiba mara moja. Kitu kimoja nimekitia mimi. Nilisema Mwinyi Dadi aliinamisha uso kwa haya. Haya hakuwa nayo. Aliinama kwa sababu mvua ilikuwa inampiga machoni. Haya nimempa mimi, miaka yote hii hajapata mtu wa kumpa.

Ngano yangu nimeitua hapo. Mwenye jembe na ashike.